Wabeba mizigo wa Kariakoo hawana pa kutua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliichapisha wiki mbili zilizopita, akilalamika kwamba wabeba mizigo wa Kariakoo wamegeuza mitaa kuwa stoo. Alisema wanashusha mabelo mbele ya maduka ya watu, wanayakalia, wanaziba njia ya wateja, na akapendekeza waondolewe. Sina ugomvi naye. Anachokiona yeye nakiona na mimi, kwa kuwa nina fremu ya vitambaa Mtaa wa Mchikichi huu mwaka wa 19, na mara nyingi belo la mtu nisiyemjua ndilo linaloamkia mlangoni kwangu. Ninachotaka kusema ni kwamba vijana wale wanashusha pale kwa sababu Kariakoo nzima hakuna hata sehemu moja iliyojengwa ili mtu aliyebeba apate kutua. Jambo hili sikulitambua Mchikichi. Nililitambua kwenye njia ya mawe katika milima ya Himalaya, nchini Nepal, Novemba mwaka jana. Nivumilie niisimulie siku ile moja, maana bila siku ile huenda na mimi ningekuwa upande wa wanaosema waondolewe.

Nilikwenda Kathmandu kununua mashali ya pashmina, nikiwa na shoga yangu wa Tanga ambaye tunachangia mzigo. Tulipomaliza kununua na kufungasha, tulibakiwa na siku tano kabla ya ndege. Shoga yangu akasema hawezi kurudi Tanga na kuwaambia wanawe kwamba aliona maduka tu. Tukapanda basi hadi Pokhara, kilomita kama 200, na barabara ile ilitula siku nzima. Kesho yake gari dogo likatupandisha karibu na kijiji kinachoitwa Ghandruk, tukalala huko. Siku ninayotaka kuisimulia ni iliyofuata, tulipotembea kutoka Ghandruk hadi kijiji cha Chhomrong.

Ukitazama kwenye ramani, vijiji hivyo viwili vimekaribiana. Ghandruk iko mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari na Chhomrong iko juu zaidi kidogo. Lakini katikati kuna bonde la mto Kimrong, kwa hiyo unapanda kwanza kuuvuka mgongo wa mlima, unashuka mamia ya mita hadi mtoni, halafu unayapanda tena upande wa pili. Tuliondoka saa moja asubuhi tukafika saa kumi jioni.

Aliyetuongoza ni kijana wa Kigurung, kabila la milima ile, mzaliwa wa Ghandruk. Tangu Aprili 2023 Serikali ya Nepal inataka mgeni anayetembea kwenye milima ile awe na mwongozaji, na baada ya siku ile naona ni jambo jema. Alituita "didi", maana yake dada mkubwa, na akatufundisha tumwite "bhai", mdogo wetu wa kiume. Kule wanaitana kama tunavyoitana sisi: aliyekuzidi umri ni dada au kaka, uliyemzidi ni mdogo wako, na jina la mtu linaweza lisiulizwe siku nzima. Jambo hilo lilitupa amani. Na tulipoanza kuhema kwenye ngazi za kwanza akatuambia, "Bistari, didi, bistari." Shoga yangu akauliza maana yake nini. Polepole, dada, polepole.

Asubuhi ile ilikuwa baridi ya kuuma masikio. Nyumba za Ghandruk zimeezekwa kwa vipande vya mawe bapa, na moshi ulikuwa unatoka taratibu katikati ya mawe hayo. Juu yake, karibu kiasi cha kuonekana kama umeegemea paa, ulisimama mlima Annapurna Kusini, mita 7,219, mweupe kuanzia kiunoni. Kilimanjaro yetu ni mita 5,895. Pembeni kulikuwa na mlima mwingine wenye kilele kilichopasuka mara mbili, unaitwa Machhapuchhre, yaani mkia wa samaki, na kweli ni mkia wa nguru kabisa aliyezamisha kichwa. Mlima huo ni mtakatifu kwao na hauruhusiwi kupandwa. Nilisimama nikautazama mpaka kijana akaniambia tutachelewa.

Nilikuwa nimedhani njia za milimani kule zimetengenezwa kwa ajili ya wageni. Sivyo. Njia ile ndiyo barabara ya wenyeji. Imejengwa kwa mawe, ngazi baada ya ngazi, na kila kitu kinapita hapo kwa miguu. Tulipishana na watoto wenye sare wanaokwenda shule, wakitusalimu "namaste" kwa kuunganisha viganja, bila kupunguza mwendo. Tulipishana na msafara wa nyumbu wenye kengele shingoni, wamebeba mitungi ya gesi na magunia ya mchele, na kijana akatuvuta kwa nguvu tusimame upande wa mlima, siyo upande wa bonde, kwa sababu nyumbu akikugusa na mzigo wake upande wa bonde umekwenda. Wanawake walikuwa mashambani wanavuna, kwenye vishamba vilivyochongwa kama ngazi ubavuni mwa mlima. Nikauliza wanavuna nini. Akanikatia suke moja akaniwekea mkononi. Ulikuwa ulezi! Ulezi ambao asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huku kwetu, na ambao mama yangu alinipikia uji wake nilipojifungua mzaliwa wangu wa kwanza. Nililiweka suke lile kwenye mkoba na bado ninalo dukani, limening'inia juu ya mashine ya kukatia risiti.

Sasa nifike kwa mzee.

Tulimkuta tunaposhuka kuelekea mto Kimrong. Kwa nyuma ulikuwa humwoni mtu, unaona tenga kubwa la mianzi linalotembea lenyewe juu ya miguu miwili myembamba. Tenga hilo wanaliita doko. Halina kamba za mabegani. Lina mkanda mmoja mpana, namlo, unaopita chini ya tenga na kuja kukaa kwenye utosi karibu na paji la uso, na mtu anabeba kwa shingo na uti wa mgongo, ameinama mbele kidogo, macho yanatazama hatua mbili tu za mbele. Ndani ya doko mlikuwa na madumu ya mafuta ya kupikia, katoni za tambi na kreti ya soda, na juu kabisa yamefungwa mabati mafupi. Mzee yule umri wake haukuwa chini ya miaka 60. Alikuwa amevaa kandambili. Kijana akamwuliza uzito, akajibu kilo 55, kwa sababu analipwa kwa kilo na anaijua kila moja.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kule ni peponi. Kilo 55 kwenye shingo ya mzee ni nyingi mno. Nilimtazama nikaumia. Lakini hatua kama mia mbele yake nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwetu.

Palikuwa na miti miwili mikubwa, ya jamaa ya mkuyu, imepandwa pamoja mpaka matawi yake yameingiliana. Chini yake kumejengwa jukwaa la mawe yaliyopangwa bila saruji, limeizunguka miti. Jukwaa hilo lina ngazi mbili: moja ya chini, kimo cha kiti, na nyingine ya juu, inayomfikia mtu kwenye nyonga au juu yake kidogo. Mzee alifika pale, akageuka, akarudi kinyumenyume hatua mbili, akakunja magoti kidogo tu, na doko lote likakaa juu ya ile ngazi ya juu. Hakuchuchumaa. Hakuita mtu amsaidie. Hakuutupa mzigo chini. Akautoa mkanda kichwani, akashusha pumzi, akakaa kwenye ngazi ya chini miguu ameinyoosha. Baada ya muda akaurudisha mkanda utosini, akasimama, na mzigo ukasimama pamoja naye.

Wanapaita chautari. Nikamwuliza kijana kwa nini wamejenga vimo viwili. Akanijibu, "Juu ni kwa mzigo, chini ni kwa mtu."

Ndugu Mhariri, aliyewahi kubeba anajua kwamba kutembea na mzigo siyo kazi kubwa kuliko zote. Kazi kubwa iko mwanzo na mwisho: kuutoa mzigo ardhini uje mwilini, na kuutoa mwilini urudi ardhini. Hapo ndipo kiuno kinapokatika. Lugha yetu inalijua hilo toka zamani, ndiyo maana tuna maneno yake maalumu. Nilipokuwa mdogo Buguruni, tulipokwenda kuchota maji bombani, kila mtoto alijua kumwambia aliyesimama karibu "nitwike", na akifika nyumbani anapiga hodi kwa neno moja tu, "nitue". Ilikuwa aibu kumkatalia mtu. Hata aliyegombana na mama yako asubuhi alikutua ndoo jioni. Jukwaa lile la mawe linafanya kazi ya yule jirani. Linamtwika mtu na kumtua hata kama njia nzima hakuna mwingine.

Kuna jiwe lililochongwa maandishi kwenye chautari ile, nikaomba nisomewe. Kijana akasema limeandikwa na watoto wa mama mmoja wa kijiji cha karibu aliyefariki, wakataja jina lake na mwaka, na kwamba wamejenga mahali hapa kwa kumkumbuka. Ndivyo ilivyo desturi. Mtu akifa, ndugu zake wanaweza kujenga pa kupumzikia njiani, na kila anayetua mzigo hapo thawabu inakwenda kwa marehemu. Sisi Waislamu tungeiita sadaka ya kuendelea, kama kuchimba kisima. Nilikaa pale nikalia, na shoga yangu hakuniuliza ninalilia nini kwa sababu alimjua baba.

Baba yangu alikuwa kuli bandarini hapa Dar es Salaam. Alibeba magunia ya katani na mifuko ya saruji miaka mingi kabla mashine hazijawa nyingi kama sasa. Akirudi jioni alilala kifudifudi kwenye mkeka barazani, akatuita sisi watoto watatu wadogo tumkanyage mgongo. Tulikuwa tunapanda mmoja mmoja, tukitembea taratibu kutoka kiunoni hadi mabegani, na yeye anatuelekeza, hapo, rudi, hapo. Kwetu ulikuwa mchezo. Alikufa akiwa ameinama, hakuweza kunyooka hata kitandani, na waliomwosha walipata tabu kumlaza. Hilo sikuwahi kumwambia mtu wa sokoni mpaka leo.

Siku ile niliyahesabu majukwaa ya kutulia mzigo. Kutoka Ghandruk hadi Chhomrong niliona 11, mengine makubwa yenye miti, mengine ukuta mfupi tu wa mawe kwenye kona yenye upepo. Hakuna mahali pa mpando mkali palipokosa. Aliyeyapanga alikuwa amebeba mwenyewe, maana yamekaa hasa pale pumzi inapokwisha.

Mchana tulikula chini mtoni, kwenye nyumba ya mama mmoja. Alitupa ugali wa ulezi, wanauita dhido, na mboga ya majani makavu yaliyochachushwa, na shoga yangu alisema angefumba macho angejiona Lushoto. Kisha daraja la kamba za chuma linaloyumba, ambalo nalipita haraka hapa kwenye barua kama nilivyolipita kule, macho mbele. Mpando wa pili ulinichosha hata nikawa navuka kutoka chautari hadi chautari bila kufikiri kitu kingine. Yule mzee alitupita. Sisi tulibeba mikoba ya maji tu, na mtu mwenye kilo 55 alitupita, kwa sababu alipumzika vizuri kila mara na hakuna mara moja aliyopoteza nguvu kuunyanyua mzigo kutoka chini. Tulipofika Chhomrong tulimkuta ameshakabidhi mali, anakunywa chai. Akatucheka kwa upole, akatusogezea benchi.

Nimerudi Dar es Salaam na sikuweza tena kuiona Kariakoo kwa macho yale ya zamani.

Jina lenyewe la Kariakoo ni la wabebaji. Waingereza walipouteka mji huu 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo Kariakoo. Tunatembea kila siku kwenye Mtaa wa Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa, na hayo ni majina ya mahali palipopiganwa vita kule kusini mwaka 1917. Wapagazi walikufa makumi ya maelfu katika vita ile, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Nenda Posta ukaitazame Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Inua macho uitazame sanamu yenyewe: ni askari peke yake na bunduki yake. Mpagazi yumo katika maneno, juu pale hayumo.

Na kabla ya vita hiyo palikuwa na misafara ya Wanyamwezi kutoka bara hadi Bagamoyo, miezi mitatu njiani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi zama zile ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na kidogo. Wazee husimulia kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", na kubwaga ni neno la mtu mwenye mzigo. Leo belo moja la mitumba ni kilo 45. Mwezi Januari niliazima mizani kwa jirani nikapima mzigo wa vitenge niliokuwa namfungia mteja wangu wa Songea, kama ninavyofunga siku zote. Kilo 68. Nikamwomba kijana aliyekuja kuuchukua apande na yeye kwenye mizani. Kilo 61. Miaka 19 nimekuwa nikifunga mizigo ile, nalipa nauli ya kubebwa, napatana bei, na sikuwahi kujua kwamba namtwika mtu kitu kizito kuliko yeye. Siku hizi nafunga mawili badala ya moja, na mteja wa Songea amekubali.

Sheria zetu hazijalala kabisa. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, miaka yote, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Nashukuru, kwa kuwa lumbesa inamwibia mkulima. Lakini katika makelele yote ya lumbesa niliyowahi kuyasikia, mkulima anatajwa, mlanguzi anatajwa, na anayeliingiza gunia lile kwenye lori kwa shingo yake hatajwi. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi unapimwa langoni na ukomo wake ni kilo 20. Kwa hiyo tunajua kupima. Tunapima pale ambapo mgeni anatazama.

Najua nitaambiwa kuna mikokoteni na maguta. Yapo, na yanasaidia sana barabarani. Lakini mteja wa jumla ananunua ghorofa ya tatu kwa huyu, ghorofa ya pili kwa yule, na katika zile ngazi na vichochoro vya upana wa mtu mmoja hakuna mkokoteni unaopita. Kutoka ngazini hadi gari lilipoegeshwa ni mgongo na kichwa. Kijana akifika chini miguu inatetemeka, anatafuta pa kutua, haoni, anaubwaga mlangoni kwangu. Halafu anasubiri apatikane mwenzake wa kumtwika tena. Kule kusubiri ndiko msomaji mwenzangu alikokuita kuziba njia. Angekuwa na jukwaa la kimo chake, asingesubiri mtu. Dakika mbili, na njia iko wazi.

Mwezi Februari nilijaribu. Nilimpa fundi seremala wa Keko mchoro, akanitengenezea benchi la mninga lenye vimo viwili kama nilivyoona kule, kwa shilingi 140,000. Vimo sikubahatisha. Nilichukua tepu yangu ya kupimia vitambaa nikawapima vijana saba wanaobeba mtaani kwetu, kila mmoja akiwa na mzigo mgongoni, kutoka ardhini hadi kitako cha mzigo. Mfupi alikuwa sentimita 84 na mrefu sentimita 101, nikachagua 90. Wanaobeba kichwani wanahitaji kimo kingine, sentimita 150 hivi, kwa hiyo nikaweka rafu nyembamba upande mmoja. Nikaliweka benchi ukutani kwangu, sentimita 50 tu kutoka ukutani, ndani ya mstari wa ngazi ya duka.

Siku ya kwanza hakuna aliyeligusa, walidhani ni la kupangia bidhaa. Siku ya pili kijana mmoja akaniuliza, "Mama, hapa naweza kutua?" Nikamwambia limetengenezwa kwa ajili yako. Akanitazama. Kufikia Ijumaa walikuwa wanatoka hadi Mtaa wa Kongo kuja kutua kwangu, na mlango wangu, Ndugu Mhariri, ulikuwa wazi kuliko siku zote, kwa kuwa anayetua anaondoka. Muuza kahawa akahamia karibu. Kijana mmoja aliniambia usiku ule alilala bila kumeza dawa ya maumivu, na ana miaka 23.

Lilikaa siku 12. Siku ya 13 walipita maafisa wakaniambia ni kizuizi, niliondoe au walichukue. Niliwaeleza, nikawaonyesha hata picha za Nepal kwenye simu. Mmoja wao, mtu mzima, alilikalia kidogo, akapapasa mbao, akasema, "Mama, wazo zuri, lakini mimi natekeleza." Simlaumu. Benchi liko stoo sasa, nimeliwekea majora ya mashuka juu, na kila nikipita naliona.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaoipanga Kariakoo, na najua wanalisoma gazeti hili, ni dogo. Sokoni kunachorwa vizimba, kunachorwa maegesho, kunachorwa vyoo. Wachore na pa kutulia mzigo. Ukuta wa zege wa vimo viwili, urefu wa mita tatu, unatosha watu wanne kwa wakati mmoja. Uwekwe pale ngazi za maghorofa zinapotokea na pale vichochoro vinapokutana na barabara. Ukipandwa na mti itakuwa bora, mwarobaini unakua haraka na hauombi maji. Sisi watu wa pwani tumejenga baraza mbele ya nyumba zetu karne na karne, ili mpita njia akae, na hakuna aliyewahi kuiita baraza kizuizi. Hii ni baraza iliyoinuliwa sentimita 45 kwa ajili ya aliyebeba. Wafanyabiashara wenzangu tukichanga kila mtaa mmoja, Halmashauri haitahitaji kutoa hata mfuko wa saruji. Inatakiwa kutoa ruhusa tu, na mstari wa rangi unaosema hapa ni halali.

Wa kwanza nitaulipia mimi. Nimeshaongea na fundi, na wanangu wamekubali liwekwe jiwe dogo lenye jina la babu yao na kazi yake, kuli wa bandarini. Ninachoomba kuambiwa, na mtu yeyote anayejua aandike hapa hapa gazetini, ni ofisi ipi niende nayo michoro, na niende siku gani. Vipimo ninavyo.

Mfanyabiashara wa vitambaa,
Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam